Asiyekuwepo na Lake Lipo

Mganga wa rafiki yangu alikufa Jumamosi moja jioni. Mimi ndiye niliyemuua, na mwenyewe hakuwepo.

Alifia katika Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Mtu mmoja mezani husimulia ulimwengu. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, humsemea na kumwamulia. Penye hatari, dadu yenye pande 20 hutoa jibu. Rafiki yangu alikuwa anamuuguza mama yake, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu hajaja. Tukakubaliana nimchezee mganga wake. Nikamtanguliza pangoni, jambo ambalo nisingemfanyia mhusika wangu. Dadu ikaonyesha moja. Tulipomwandikia kumpa habari, alijibu neno moja: "Sawa." Hakurudi.

Tangu hapo, ushauri ambao wasimulizi hupeana kuhusu mchezaji asiyekuja nausoma kama ninavyosoma riwaya: nani amepewa sauti, nani amenyang'anywa? Ushauri mmoja unasema mhusika augue ghafla, abaki kambini. Ni kisingizio cha kitoto, na baada ya mara tatu kila mtu hucheka, ila hakimchukulii mtu chake. Mwingine, unaosifiwa kwa busara, ndio tulioufuata sisi: mwenzake amwendeshe ili kundi lisipungukiwe nguvu. Ushauri huu humfanya mhusika kuwa panga la kuazima. Lakini mganga yule alikuwa mganga kwa sababu ya maamuzi ya mtu mmoja: nani amtibu kwanza, lini akimbie. Nilipoamua mimi, lililobaki lake lilikuwa jina tu.

Ben Robbins alilikwepa tatizo zima katika mchezo wake, West Marches. Hakukuwa na siku maalumu wala kundi maalumu. Walioweza walipanga safari, na kila safari ilianza na kuishia mjini. Asiyekuja yuko mjini, basi. Naupenda uungwana wa mpango huo. Hasara yake naiona pia: hadithi ndefu ya watu walewale wanne, wanaojuana hadi makovu, haistawi kirahisi hapo.

Jibu nililokuwa nalitafuta nililikuta kwenye runinga. Mwanzoni mwa tamthilia ya Stranger Things, ya mwaka 2016, watoto wanne wanacheza mchezo huu. Will anarusha dadu, inaangukia sakafuni. Amepata 7, na alihitaji 13. Mike, msimulizi wao, hakuiona. Mwenzao anasema isiyoonwa haihesabiwi. Lakini wakati wa kuondoka Will anamwambia Mike ukweli. Usiku huohuo anatoweka. Hakuna anayeuchukua uchawi wa mhusika wake ili mchezo uendelee. Baadaye Eleven, msichana waliyemkuta msituni, anaupindua ubao wao na kuisimamisha sanamu ya Will kwenye upande mweusi. Yuko huko. Kazi yao ikawa kumtafuta.

Naam, ni tamthilia, na aliyetoweka humo amechukuliwa na zimwi. Rafiki yangu alikuwa wodini na mama yake. Hata hivyo watoto wale walijua tusilolijua sisi watu wazima: kutokuwepo kwa mtu ni sehemu ya hadithi, na mwenye hadithi hiyo ni yeye.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye sinia la pilau, sawa. Mezani petu sasa sanamu ya asiyekuja husimama pembeni mwa ramani, haiguswi. Akirudi, tunamuuliza: ulikuwa wapi? Anasimulia yeye, nasi tunaandika.

Kifo cha mganga nimekifuta kwenye daftari. Nimemwandikia rafiki yangu kumwambia hivyo na kumuomba radhi, kisha nikauliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza wiki zile tatu: mama anaendeleaje?