Tumaini: Je, Kuongoka Kwake Ndiko Kulikomwua?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kuna kosa ninalolikuta kila ninaposahihisha insha za fasihi. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu ukuaji wa mhusika, huandika kwamba alikuwa mbaya kisha akawa mwema, na hapo huweka nukta. Tumaini wa Euphrase Kezilahabi katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) hawezi kuelezwa hivyo. Si kitabu teule kwetu kwa sasa, lakini kisome.

Kijana huyu anarithi mali na kuiponda kwa anasa na wanawake. Baadaye anaongoka: anaoa, anafanya kazi kwa bidii na kuwa mkulima mkubwa. Kumbe uuaji unakuja baada ya kuongoka! Shamba lake linapotakiwa kutaifishwa wakati wa ujamaa, anampiga risasi mkuu wa wilaya, naye anahukumiwa kunyongwa.

Hebu zingatia mpangilio huo. Katika siku zake za anasa hakuwa na kitu alichokithamini kiasi cha kukiulia. Shamba ndilo lililomfanya mtu, na shamba lilo hilo ndilo lililomtia bunduki mkononi. Mhusika duara ni huyu, si yule anayebadilika tabia kama nguo.

Ni vigumu pia kuisoma riwaya hii bila kukumbuka Isimani, Iringa. Huko, tarehe 25 Desemba 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu. Mwamwindi naye alinyongwa.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu hapa Kapsoit kisa cha Tumaini, karibu darasa zima lilimtetea. Sikushangaa. Wengi ni wajukuu na vitukuu vya Wakipsigis waliohamishwa na wakoloni ili chai ipandwe. Suala la ardhi walilisikia nyumbani kabla ya kulisoma kitabuni. Kisha msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, huyo mkuu wa wilaya hakuwa na watoto?" Darasa likanyamaza. Miaka yote niliyofundisha, mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza hilo.

Basi mtahiniwa, ukidai kwamba Tumaini aliokoka, nionyeshe aliokolewa na nini, na nani aliulipia wokovu huo. Ukifanya hivyo, alama zako utazipata, hata kama sikubaliani nawe.