Mikono ya Simsim, Arua na Koboko

Mwaka 1949 mchoraji wa Ukraina, Tatyana Yablonskaya, alikamilisha picha yake kubwa, Mkate. Wanawake wa shamba la ushirika wanajaza nafaka kwenye magunia. Mmoja anapandisha mkono wa blauzi huku akitabasamu. Picha ikapata Tuzo ya Stalin. Uchovu haumo.

Mkulima wa kike wa Arua au Koboko, nchini Uganda, hahitaji kupambwa hivyo. Mtazame na simsim (ufuta, kwa msomaji wa pwani). Akichelewa kuvuna, vitumba vinapasuka na mbegu zinamwagika chini. Akiwahi mno, ni changa. Kwa hiyo hukata mashina kwa wakati wake, huyafunga matita, huyasimamisha yakauke, kisha huyapindua juu ya turubai na kuyagonga taratibu. Hapo nguvu si kitu. Ni ufundi, na wakulima wengi kama yeye hakuna aliyewapa cheti.

Halafu muhogo! Kumenya, kuloweka, kuanika, hata juu ya miamba, kusaga, kuchanganya na unga wa mtama au ulezi, ndipo Walugbara wa Arua wapate enyasa, ugali wao. Palizi nayo inamsubiri, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni. Yablonskaya, ingawa naye alikuwa mwanamke, mtoto huyo wa mgongoni hakumchora.

Ukipita Koboko, kwa Wakakwa, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, nunua simsim sokoni. Na bei ya mama anayeiuza usiishushe.