Gati Lisilo na Watu



Alinijia kijana mmoja niliyemsomesha chuoni juzuu zake za mwanzo. Siku hizi yuko Uingereza kwa kazi, na kila apatapo siku ya mapumziko huchukua kamera yake akaenda pwani kupiga picha za magati, zote za nyeupe na nyeusi. "Shikamoo, Maalim," akasema, "nataka unitolee hukumu, wala usinionee haya." Akanitandikia mkekani picha kama ishirini. Nilizitazama baina ya Alasiri na Magharibi, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza yafaa tujue gati la Waingereza ni kitu gani, maana si sawasawa na hili letu la kupakulia mizigo. La mwanzo katika yale mashuhuri lilifunguliwa mwaka 1814 mjini Ryde, katika kisiwa cha Wight. Kabla yake, maji yakitoka, abiria alibebwa mgongoni na mchukuzi, kama wazee wetu walivyobebwa mabegani kutoka mashuani hadi nchi kavu. Gati likamwokoa abiria na tope, likampunguzia mchukuzi mzigo wa kubeba binadamu mwenzake. Baadaye watu wakaona raha kutembea juu ya bahari bila ya kupanda chombo, na miji ikashindana kujenga. Gati la Southend lapita kilomita 2, kwa kuwa huko maji yakitoka huacha tope la karibu maili nzima.

Mojawapo ya yaliyosifika sana ni Gati la Magharibi la Brighton, lililosanifiwa na Eugenius Birch na kufunguliwa mwaka 1866. Nguzo zake za chuma zilitiwa parafujo chini, zikazungushwa mpaka zikajikita katika ardhi ya bahari. Hila hiyo ya nguzo za parafujo ilibuniwa na mhandisi wa Ireland, Alexander Mitchell, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1833, naye alikuwa kipofu tangu ujana wake. Hebu tafakari: asiyeona ndiye aliyewajengea wenye macho mahali pa kwenda kutazama bahari!

Gati hilo lilifungwa mwaka 1975. Mwisho wa mwaka 2002 dhoruba ikaliangusha sehemu yake, na mwaka 2003 likaungua moto mara mbili. Leo imebaki mifupa ya chuma, imesimama peke yake majini. Kijana wetu ameipiga mifupa hiyo asubuhi ya ukungu, na picha hiyo naikubali bila ya shaka. Lau ingekuwa na rangi, jicho lingekimbilia mbinguni likapumbazwa na wekundu wa jua. Rangi zilipoondolewa, kimebaki chuma, maji na mwangaza, kama khati ya mwandishi hodari: wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, basi. Nyumba ya furaha imebakia mbavu, na atazamaye hupata ibra pasi na kuhubiriwa. Picha hiyo haina mtu, na kweli huko hakuna mtu. Hakuna njia ya kulifikia. Utupu wake ni wa haki.

Lakini picha nyingine zilinitia mashaka. Zilikuwa za magati yaliyo hai, yenye wavuvi wa mishipi, wazee wa kupunga upepo na watoto wa kukimbia. Katika picha hakuna hata mmoja. Bahari nayo haina wimbi, imekuwa kama maziwa yaliyomwagwa. Nilimuuliza imekuwaje. Akanionyesha kioo cheusi akivikacho mbele ya kamera, kinachopitisha sehemu moja tu katika elfu ya mwangaza. Picha ya kupigwa kwa sehemu ya nane ya sekunde, ikivishwa kioo hicho, huhitaji kamera iachwe wazi kwa dakika mbili na zaidi. Katika muda huo wimbi hupanda na kushuka mara nyingi likawa moshi, na mtu apitaye haachi alama yoyote.

Najua yuko atakayesema: "Sheikh, wewe ndiwe wa kwanza kupaswa kufurahi, maana picha isiyo na chenye roho imeepukana na khitilafu ya wanavyuoni." Kweli khitilafu ipo, na Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba ni kivuli kilichozuiliwa. Mas-ala yangu leo si hayo. Aachaye kupiga picha za watu kwa kuichelea dini yake, huyo namheshimu. Atageuza kamera yake upande mwingine. Huyu wetu amewaelekezea watu kamera, kisha amewafuta, na akatwambia: gati ndilo hili.

Bingwa mkubwa wa njia hii ni Michael Kenna, Mwingereza aliyezaliwa Widnes mwaka 1953, ambaye hufanya picha ndogo za mraba, na usiku huweza kuiacha kamera wazi kwa masaa mengi. Sanaa yake ni ya juu, naye hatafuti ila utulivu, wala hakuficha. Tabu ni wanaomfuata, waliochukua kile kioo wakaliacha lile jicho.

Wala tusiseme kosa ni la nyeupe na nyeusi. Yuko Tony Ray-Jones, Mwingereza vilevile, aliyefariki mwaka 1972 kwa saratani ya damu, naye ana miaka 30 tu. Baina ya mwaka 1966 na 1969 alizunguka miji ya pwani ya nchi yake akiwapiga picha watu katika mapumziko yao, na kitabu chake, A Day Off, kilitoka mwaka 1974, yeye keshazikwa. Si kila alichokipiga ni cha kutundikwa ukumbini mwetu, maana mambo ya ufuoni kwao mwayajua. Lakini rangi zake ni zile zile mbili, na ndani yake mna watu: wanaochoka, wanaochekesha, wanaongoja. Ukizitazama wawahurumia.

Picha ya mwisho mkekani ilikuwa ya gati letu wenyewe, aliyoipiga alfajiri ya siku ya pili ya kufika kwake. Ilikuwa nzuri mno, na tupu mno. Juu ya gati hilo marehemu baba yangu alichukua magunia mpaka mgongo ukapinda. Nikamuuliza, "Mwanangu, alfajiri ndiyo saa ya wachukuzi. Wako wapi?"

Akanijibu, "Walikuwako, Maalim, lakini hawakusimama."

Jawabu hilo lilinikumbusha picha kongwe ya Paris, aliyoipiga Daguerre mwaka 1838. Njia ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kamera ilihitaji dakika kadhaa, na wote waliokuwa wakipita walitoweka. Alibaki wa kuonekana vizuri mtu mmoja, kwa sababu alisimama kusafishiwa viatu. Na yule aliyemsafishia aonekana kwa taabu. Lakini Daguerre alikuwa na udhuru, chombo chake hakikuweza zaidi. Sisi chombo chetu chaweza, twakivisha kioo cheusi kwa hiari yetu. Basi picha ya namna hii huwaweka wenye nafasi ya kusimama, na huwafuta wale ambao riziki yao haiwapi ruhusa ya kusimama.

Hukumu yangu ilikuwa hii: nyeupe na nyeusi aishike, maana ameijua. Kioo cheusi akiweke kwa magofu. Penye watu akivue, awaombe idhini, na asiyetaka aachwe. Nasi majumbani, tukinunua picha ya pwani yetu kwa uzuri wake, tuulize kwanza nani ameondolewa ili uzuri huo upatikane.

Kijana alizikusanya picha zake akaaga, hakusema kitu. Kesho yake alfajiri, nikitoka msikitini, nilimwona gatini ameketi juu ya gunia, akizungumza na wachukuzi, kamera ingali mkobani.

Wabillahi tawfiq.