Kuujua Mkaa wa Shambani Ulioiva

Weusi si kipimo. Mkaa wa shambani, ambao wataalamu huuita bayocha, hupatikana kwa kuunguza magunzi, pumba za mpunga au vifuu vya nazi kwenye hewa haba, kwa joto la nyuzi 350 hadi 700 hivi. Lakini kilichoungua nusunusu nacho huwa cheusi. Ubaya wake ni lami inayobaki ndani, ambayo huweza kuzuia mbegu kuota. Tena kaboni isiyoiva huliwa na vijidudu, ikarudi hewani. Kwa hiyo anza na mkono. Sugua kipande kiganjani, kisha nawa kwa maji matupu: mkaa ulioiva hutoka, mbichi huacha utelezi unaodai sabuni. Unuse pia, usinuke moshi. Kifuu kilichoiva kikiangushwa juu ya jiwe hulia kama kigae. Majivu yakizidi, jua moto uliachwa ukaila kaboni yenyewe; mchomaji hodari huuzima kwa maji jivu jeupe linapoanza tu kutanda. Maabara hupima uwiano wa hidrojeni na kaboni, ambao kwa cheti cha Ulaya haupaswi kuzidi 0.7. Asiye na maabara na aoteshe mbegu katika makopo mawili, moja lenye mkaa, moja bila.

Wapo wanaosema samadi yatosha. Kulisha mmea, samadi inaushinda mkaa, sikatai. Ila samadi huoza, na penye joto huoza upesi, ilhali mkaa ulioiva hukaa ardhini karne na karne. Udongo mweusi ulioachwa na wenyeji wa Amazon kabla ya Wazungu kufika ungali na rutuba. Wala viwili hivi havigombani: mkaa mtupu hufyonza naitrojeni ya mimea, basi uchanganye kwanza na mboji au uloweke kwenye mkojo wa ng'ombe. Pingamizi zito ni la miti. Mkaa wa mti wa msituni uliokatwa kwa kazi hiyo ni mbovu, hata ukilia kama kengele. Mathenge, mti mgeni uliovamia malisho ya Baringo nchini Kenya, ni habari nyingine: huo na ukatwe.

Uchambuzi wa tafiti za bayocha uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta mavuno yakipanda kwa wastani wa asilimia 25 katika nchi za joto, na katika nchi za baridi yasipande. Udongo wetu mwingi una tindikali, na mkaa huipunguza. Basi pima udongo kwanza. Ukiwa wa magadi, usiutie mkaa.