Msichana Mmoja Katika Mashindano ya Walozi: Juu ya Kitabu "Harry Potter et la Coupe de feu"

Kitabu tunachotaka kukipima safari hii si kipya. Kilitoka kwa Kiingereza mwezi wa saba wa mwaka 2000, na kabla ya mwaka kwisha Jean-François Ménard alikuwa amekwisha kukigeuza kwa Kifaransa katika nyumba ya vitabu ya Gallimard. Ni cha 4 katika vitabu 7 vya Bibi J. K. Rowling, Mwingereza. Wamoja watatuuliza: Kwa nini kupoteza karatasi juu ya kitabu cha watoto wa mbali, ambacho dunia nzima imekwisha kukisoma? Twajibu kwamba dunia nzima haikukisoma Kabambare.

Mambo yalianza hivi. Msichana mmoja wa kalasi ya 3 ya sekondari, yatima wa baba, analelewa kwa mjomba wake katika kijiji kimoja cha njia ya Kasongo kwenda Kabambare. Aliazima katika maktaba yetu ndogo kitabu cha 1 na cha 4. Sasa, kile cha 1 Wafaransa hawakukiita namna walivyokiita Waingereza. Kwa Kiingereza jina lasema juu ya jiwe la mwanafalsafa. Kwa Kifaransa imeandikwa kwa herufi kubwa "Harry Potter à l'école des sorciers". Mjomba hana Kifaransa kingi, lakini neno lile la mwisho analijua vizuri, kama wote pia wanavyolijua. Wiki ile mtoto mdogo wa nyumba alikuwa na homa siku ya nne. Asubuhi ya siku ya tano msichana alikuwa nje pamoja na mkeka wake na nguo zake mbili.

Tulipofika, mzee alitupokea kwa heshima, akatuwekea kiti chini ya mwembe. Kiisha akaleta kitabu, akatia kidole juu ya jina.

"Padri, wewe umesoma Kifaransa miaka mingi katika seminari. Usinifiche. Neno hili, kwa lugha yetu, ni nini?"

Tulikawia kujibu. "Mulozi, mzee."

"Na hili?"

"Shule."

"Basi," alisema, akafunga kitabu.

Tungeweza kumtajia Katiba ya mwaka 2006, ambayo kifungu chake cha 41 chakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mulozi. Tungeweza kumtajia vilevile sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, yenye adhabu ya kifungo kwa mtu afanyaye hivyo. Hata tulizitaja. Lakini mtu aliyeulizia maana ya neno hujibiwa kwa neno, na kwa neno alikuwa ametushinda. Tulirudi nyumbani na vitabu kichwani, tukasoma upya kile cha 4 usiku kucha, kusudi tujue kama msichana yule alikuwa ameingia kweli shuleni kwa walozi.

Habari yenyewe yajulikana. Shule tatu za Ulaya zaamsha tena mashindano ya zamani, ambayo yaliachwa kwa sababu vijana wengi walikuwa wakifa ndani yake. Kila shule itatoa kijana mmoja mwenye miaka 17 au zaidi. Majina hutiwa katika kikombe cha mti chenye moto wa rangi ya samawati, na usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote (saa waliyochagua, angalieni!) kikombe chatapika majina. Majaribu ni matatu, zawadi ni vipande 1000 vya dhahabu. Kikombe chatoa jina la Viktor Krum wa Durmstrang, la Fleur Delacour wa Beauxbâtons, la Cedric Diggory wa shule wenyeji. Halafu, kinyume cha amri, jina la 4: Harry Potter, mtoto wa miaka 14 ambaye hakuomba kitu.

Mtu aliyelelewa katika seminari ndogo atacheka mara nyingi akisoma. Kengele ipo, na chumba cha kulia chenye meza ndefu, na msimamizi anayenusanusa usiku katika njia za nyumba, na mitihani, na mwalimu anayependa wamoja na kuchukia wengine. Fimbo za ajabu zachukua nafasi ya kalamu. Bibi Rowling hakuandika juu ya ulozi. Aliandika juu ya shule ya kulala, na katika kazi hiyo ni fundi kweli. Ulozi wetu hauna kengele wala pointi. Hausomwi mchana mbele ya waamuzi watano. Hufanywa usiku, kwa siri, juu ya mtu wa karibu, na mara nyingi yasemwa kwamba mtoto aliupewa pasipo kujua, katika chakula cha jirani.

Tukitafuta kwetu kitu kinachofanana na shule ile, tusiende kwa mulozi. Twende kwa Warega wa Pangi, majirani wa kaskazini, na bwami yao. Kule mtu alipanda ngazi baada ya ngazi: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, mpaka kindi. Kila ngazi ilikuwa na methali zake, michezo yake na vitu vyake vya kuonyeshwa. Wanawake walikuwa na ngazi zao, bombwa, bulonda na bunyamwa, na mume hakuweza kufika juu kabisa pasipo mke aliyeingizwa pamoja naye. Serikali ya Wabelgiji iliivunja bwami kwa amri mwaka wa 1948. Daniel Biebuyck, naye Mbelgiji, aliyekaa kati ya Warega miaka ya 1950, alionyesha katika kitabu chake cha 1973 kwamba yale waliyoyaogopa yalikuwa kwa sehemu kubwa mafundisho ya tabia njema. Wageni wengi, na wenyeji wamoja pamoja nao, walikuwa wametia vyote katika kikapu kimoja: mfumu, mganga, mwenye bwami, mulozi. Twataja jambo hili kwa sababu mjomba wetu wa chini ya mwembe hakufanya zaidi ya walivyofanya wakubwa waliosoma kumpita.

Turudi kwa Fleur, maana ni yeye msichana wetu aliyetaka habari zake. Alituambia mwenyewe: "Padri, nilikuwa bado kufika mwisho. Nilitaka kujua kama yule msichana Mfaransa atashinda."

Hashindi, na hapo ndipo tunapomlaumu mwandishi. Kati ya washindani wanne Fleur ni mwanamke peke yake. Kikombe kilimchagua kati ya wanafunzi wote wa shule yake waliojitoa. Basi si mjinga wala mwoga. Mbele ya joka anafanya jambo la akili: analilaza usingizi. Lakini mwandishi anataka tucheke, na joka likikoroma latoa ulimi wa moto, sketi ya msichana yawaka, inampasa kuizima kwa maji ya fimbo yake. Tena hatuoni kwa macho yetu. Rafiki wa Harry anatusimulia kwa maneno machache. Katika jaribu la 3, ndani ya njia za majani zenye kupotosha, tunasikia mlio wake tu, kiisha hayupo. Baadaye sana twafahamu kwamba hakushindwa na jaribu: alipigwa na mtu mwovu aliyejigeuza kuwa mwalimu. Mwandishi hana hata mstari mmoja wa kumrudishia heshima yake.

Jaribu la 2 ndilo linalotusumbua zaidi. Kila mshindani amechukuliwa mtu anayempenda, akatiwa usingizi chini ya ziwa, na inapashwa amtoe katika muda wa saa moja. Wa Fleur ni mdogo wake Gabrielle, wa miaka kama 8. Viumbe vya maji vyamzuia Fleur njiani, anarudi mikono mitupu na majeraha, naye analia, anapigana na mkubwa wa shule yake anayemshika, anataka kujitupa tena majini. Harry, aliyeamini vilevile kwamba watoto watakufa kweli, alingojea chini mpaka akamtoa Gabrielle pamoja na mtu wake mwenyewe. Waamuzi wanamsifu kwa moyo wake, wanampa pointi 45 juu ya 50. Fleur wanampa 25, naye asema kwamba hakustahili hata moja. Lakini waliogopa hofu moja! Kwa mvulana hofu ile yahesabiwa kuwa utu. Kwa msichana yahesabiwa kuwa kushindwa. Hata hivyo tunakiri kwamba hatuna ukurasa mwingine tunaoupenda kama ule wa dada mkubwa kwenye ukingo wa maji, ambaye mashindano yamekwisha kumtoka kichwani. Bibi Rowling aliuandika, kiisha akaupita upesi, kana kwamba hakujua ameandika nini.

Filamu ya Mike Newell ya mwaka 2005 iliharibu zaidi. Katika kitabu Beauxbâtons ni shule ya wavulana na wasichana. Katika filamu wamebaki wasichana tu, wanaingia wakipumua kwa madaha kati ya vipepeo, wavulana wanawakodolea macho. Ni pambo.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Ulaya atalipita bila kusimama. Siku ya kupima fimbo, Fleur asema kwamba ndani ya yake mna unywele wa bibi yake, ambaye hakuwa mtu kamili bali mmoja wa viumbe wanaoitwa Vélanes. Anasema wazi, pasipo haya, mbele ya wote. Nguvu za bibi katika mkono wa mjukuu! Huku kwetu mtoto akisema neno kama hilo mbele ya mlango wa mjomba wake, atalala nje. Kule ni sifa ya ukoo. Twafikiri kwamba hapa kitabu hakiwezi kuvuka Lualaba bila mtu wa kukisindikiza.

Je, basi hamna ulozi ndani yake? Mnao, mara mbili, na mwandishi mwenyewe anaujua. Mara ya kwanza ni makaburini, karibu na mwisho. Mtu mwovu anayetaka mwili mpya anapikiwa katika chungu kikubwa: mfupa wa baba yake uliotolewa kaburini, mkono wa mtumishi wake, damu iliyotolewa kwa nguvu katika mwili wa adui. Cedric, kijana asiye na kosa, ameuawa dakika chache mbele kwa sababu alikuwa amesimama pale tu. Usiku, kaburi, damu ya mtoto: mzee yeyote wa Kabambare angesema mara moja, "Naam, huu ni wenyewe." Kumbe mashindano yote yalikuwa mtego wa kumfikisha mtoto huyo mmoja mahali pale. Kurasa zile ni ngumu, hatungependa watoto wa miaka 10 wazisome peke yao. Lakini zinatenga vizuri elimu na uovu, kuliko hotuba nyingi tulizozisikia.

Mara ya pili haina fimbo. Kuna mwandishi wa gazeti, Rita Skeeter, ambaye kazi yake ni kusikiliza kwa siri na kusema uongo juu ya watoto. Anaandika kwamba Harry ni mgonjwa wa akili na wa hatari. Anaandika juu ya Hermione kwamba anachezea mioyo ya wavulana, na msichana yule anaanza kupokea barua za matusi kutoka kwa watu wasiomjua. Moja ina usaha unaomchoma mikono mpaka inavimba. Tulipofika hapo tuliweka kitabu chini. Ulimi wa mtu mmoja, masikio ya wengi, na mikono ya mtoto ndiyo inayoungua. Tukimtafuta katika kitabu hiki mtu anayefanana na wale wanaofanya watoto wetu walale nje, hatumtafuti kati ya wanafunzi wenye fimbo.

Katika Ekleziya kitabu hiki kilileta maneno mengi. Mwaka wa 2008 gazeti la Vatikano, "L'Osservatore Romano", lilichapa makala mbili pamoja, moja ya kusifu vitabu hivi na moja ya kuvilaumu, likawaachia wasomaji kazi ya kupima. Wapinzani wanaogopa kwamba mtoto ataona uchawi kuwa kitu kizuri. Hofu hiyo si ya bure, lakini ni ya mahali ambapo hakuna mtu anayefukuzwa kwa ajili ya uchawi. Hofu yetu ni ya neno. Kifaransa kina "sorcier" kwa mwanafunzi wa Bibi Rowling na "sorcier" kwa mtoto aliyetupwa nje, na mfasiri hakuwa na kosa, hakuwa na neno jingine. Sisi je? Tulijaribu. "Mfumu" haifai, maana mara nyingi yeye ndiye anayeonyesha mulozi kwa kidole. "Mganga" anaponya na kulipwa, na Fleur haponyi mtu. "Mwenye miujiza" hatutaki, wasomaji wa gazeti hili wanafahamu kwa nini. Neno la pwani, "mazingaombwe", ni la mchezaji wa sokoni.

Tulimwuliza msichana mwenyewe. Alifikiri kidogo, akasema: "Wenye fimbo. Shule ya wenye fimbo." Hatujapata neno zuri kuliko hilo.

Mtoto mdogo alipelekwa kituo cha afya. Ilikuwa malaria, akapona. Msichana sasa anakaa Kasongo kwa shangazi yake, na anaendelea na masomo. Kitabu cha 4 alikirudisha baada ya kukimaliza, akiwa na hasira kidogo juu ya zile pointi 25. Kitabu cha 1 kingali kijijini. Mjomba amekifunga kwa kamba na kukiweka juu darini, na kila tunapopita anatuambia kwamba hajakifungua.