Neno kwa neno, lakini mstari gani?

Hii debati hairudi nyuma: Biblia tuisome neno kwa neno, ao hapana? Upande mmoja kuko wale wanaosema ukigusa mstari mmoja tu, umeharibu yote. Upande mwingine kuko wale waliosoma sayansi kidogo, wanamcheka Adamu na nyoka, basi wanaona wamemaliza kazi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinapita pembeni ya swali lenyewe. Sijakutana bado na mtu anayesoma Biblia yote neno kwa neno. Nimekutana tu na watu wanaochagua mistari ya kusoma vile. Njo hapo kritiki yangu inaanzia.

Tuanze hapa kwetu Wagenia. Wavuvi wanasimamisha miti mikubwa katikati ya maporomoko, wanaifunga kwa kamba za pori, halafu wanatundika vikapu vyao fasi maji inapita kwa nguvu. Kati yao kuko Wakristo. Wanajua habari ya Yohana 21, pale Yesu anaambia wanafunzi watupe wavu upande wa kuume wa chombo, na samaki 153 wanaingia. Sijasikia hata siku moja muvuvi wa Wagenia amehamisha vikapu vyake vyote upande wa kuume sababu ya ile sura. Wala sijasikia pasta amemuambia kwamba amekosa imani. Kila mtu anaelewa: habari inasema juu ya kumsikiliza Yesu, haifundishi namna ya kupanga vikapu. Muvuvi anajua kutofautisha, na hakuhitaji diplome kwa hiyo.

Sasa twende shambani, ni eneo langu. Walawi 19:19 inakataza kupanda mbegu za aina mbili katika shamba moja. Ukitoka Kisangani, shika barabara yoyote, iwe ya Yangambi, ya Buta ao ya Lubutu: utakuta muhogo, mahindi, muchele na makemba mu shamba moja. Njo kilimo cha mama zetu, na ki-agronomia kina maana: kila mmea una wakati wake wa kukomaa, na kimoja kikikosa, kingine kinalisha nyumba. Hakuna anayewaambia hawa mama kwamba wako katika zambi. Na mstari ule ule unakataza nguo ya nyuzi za aina mbili. Tazama vizuri kostimu ya muhubiri siku ya Mungu: pamba na poliesta. Anahubiri «neno kwa neno» akiwa amevaa jibu.

Wengine wanashika mbegu ya haradali: Yesu anasema ni ndogo kuliko zote, na mbegu za okidi ni kama vumbi, basi wanasema Biblia inadanganya. Hao nao wanasoma neno kwa neno, sawa na yule wanayemcheka. Yesu hakuwa anatoa kozi ya botanike. Alikuwa anaongea na wakulima juu ya kitu kidogo kinachokuwa kikubwa, na wakulima walimuelewa.

Kama mambo yangeishia kwenye kostimu na haradali, tungecheka tu na kwenda kulala. Lakini angalia mistari gani inachaguliwa. Mathayo 19:21, uza mali yako na uwape maskini: hapo utaambiwa «ni mufano, ni hali ya moyo». Malaki 3:10, leta zaka: hapo ni neno kwa neno, na hesabu inafanywa. Mstari unaomugharimu muhubiri unakuwa mufano. Mstari unaomugharimu mwingine unakuwa amri.

Na kuko mwingine mukali zaidi: Kutoka 22:18, ule wa kutomuacha muchawi aishi. Njo mstari unaotolewa wakati mutoto anaitwa ndoki. Mutoto wa baba mudogo aliyefiwa na wazazi, anakojoa kitandani, ao kazi ya nyumba imeharibika tu tangu alipofika. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, anafungishwa kula siku kazaa, mwisho anajikuta sokoni ao barabarani. Ukiuliza, jibu ni moja: «Biblia njo inasema, haiko mimi.»

Sawa. Tuisome basi neno kwa neno, kwa kweli. Kiebrania cha mstari ule kinataja mwanamuke. Ni neno la kike. Mutoto hayuko pale. Watafsiri wa zamani wa Kigiriki waliweka neno linalohusu mutu wa dawa na sumu. Segond ya Kifaransa tunayosoma hapa inasema «magicienne». Hata ukienda herufi kwa herufi, humukuti mutoto wa miaka 8. Kumbe anayesema anafuata herufi ameongeza yake.

Na inchi imeisha kusema. Katiba ya 2006, kipengele cha 41, inakataza kumushitaki mutoto uchawi. Sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Ile nayo imeandikwa neno kwa neno, lakini ni wangapi wanaihubiri?

Najua wengine watasema: kukataa herufi ni mambo ya wazungu. Hapana. Agustino, Mwafrika wa Hippo, aliandika zaidi ya miaka 1.600 iliyopita kwamba Mukristo anayetumia Maandiko kusema upuuzi juu ya dunia na nyota analeta haya kwa imani yake. Na niwe wa haki: kusoma neno kwa neno kumewahi pia kusimamisha watu. Simon Kimbangu aliamini mu 1921 kwamba Mungu anaponyesha watu weusi moja kwa moja, bila kupitia kwa mission. Wakoloni walimufunga miaka 30, akafia gereza ya Elisabethville mu 1951. Lakini angalia tofauti: bei ya imani yake, aliilipa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, mu debati zetu, tuache kuuliza kama mutu ni «wa herufi» ao «wa mufano». Tumuulize: huu mstari unaoshika kwa nguvu, nani atalipa? Kama ni wewe, kuwa huru, nitakuheshimu hata kama sikubaliani. Kama ni mutoto asiye na baba wala mama wa kumutetea, hapo haiko tena debati ya teolojia. Sisi tuliosoma tuna kazi: siku tunasikia mutoto wa parseli ya jirani anaitwa ndoki, tusinyamaze kwa kuogopa kuitwa wapagani.