Chai "Yetu" ni ya Nani?

Februari 2023 BBC ilitoa filamu kuhusu mashamba ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 waliwaambia waandishi kwamba wamenyanyaswa kingono na wasimamizi wao, katika mashamba yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Mwandishi mmoja wa kike alijifanya mtafuta kazi, kamera ameificha, na yeye pia akatakwa ngono. Ni kazi ya ujasiri. Bunge letu lenyewe liliagiza uchunguzi baada ya filamu hiyo.

Lakini kila nikiitazama nakwama palepale, kwenye kichwa chake: gharama halisi ya chai "yetu". Yetu sisi kina nani? "Yetu" hiyo ni ya mnywaji wa Uingereza, anayeokota pakiti dukani bila kujua imetoka wapi. Filamu inamshika bega: tazama unachokunywa. Sawa kabisa. Ila inatuachia dhana kwamba kutojua ni ugonjwa wa walio mbali.

Mimi sikubali. Ingia kibanda chochote mjini Kericho asubuhi. Chai ya maziwa, mandazi mawili, na nje ya mji kijani mpaka macho yachoke. Nani pale anauliza kikombe chake kimechumwa na nani? Tena tunasema, "Mama, ongeza majani," na ukifungua pakiti huoni jani hata moja, ni chembechembe nyeusi tu. Neno limebaki shambani, sisi tumeshaondoka. Kule Bomet mkulima mdogo hupeleka majani mabichi kituoni, kisha jioni ananunua chai dukani kama mimi na wewe, asijue kama ni yake au ya nani.

Kuna jambo jingine ambalo "yetu" ile haikuliona. Mei 2023, miezi mitatu tu baadaye, waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchuma chai kwa sababu zinawanyang'anya watu kazi. Kumbe kazi ileile iliyowatesa wanawake wale ndiyo watu wanaipigania! Si kwamba hawajui ubaya wake. Kazi ni chache, na uchache huo ndio unaompa msimamizi nguvu ya kusema, "Ukitaka kazi, njoo kwanza." Mnywaji wa London akisusa pakiti kwa hasira, atakayelala njaa kwanza ni mchumaji.

Kwa hiyo filamu ijayo naomba ianzie kibandani, kwetu. Atuulize sisi tunaolipa shilingi chache kwa kikombe: mwaka huu chai hii imechumwa na mkono au na mashine? Na kama ni mkono, mwenye mkono huo alilipwa ngapi, na aliombwa nini kabla ya kupewa kikapu?